Kompyuta ya duka imechoka: nahamishaje kazi zangu zote kwenye laptopu mpya?

Mama Steshenari

Wakuu habarini za jioni. Msaada tutani, kabla sijagusa kitu nikaharibu.

Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, si mbali na soko la Mgandini. Kazi ni zile mnazozijua: kutoa kopi, kuchapa barua, kadi za harusi na za sendofu, vyeti vya madrasa, mitihani ya shule, picha za pasipoti. Kompyuta ni ya mezani, Windows 7, niliirithi pamoja na duka kwa kaka yangu alipohamia Muscat. Inafanya kazi, siisingizii. Lakini ukiiwasha asubuhi unafagia duka, unapanga madaftari, unakunywa chai na mhogo, ndiyo kwanza inakukaribisha. Mteja wa kopi atavumilia, wa kuchapa anavuka barabara kwa jirani.

Sasa nimejikongoja nimenunua laptopu. Windows 11, ndani ina SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256, tundu la sidii haina. Flashi niliyo nayo ni ya GB 16. Nikawa nahamisha kidogo kidogo kila duka likipoa, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Kaka alikuwa anapiga video za harusi na zote kaziacha humo. Kuna moja ina GB 6, nikiipeleka kwenye flashi inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Flashi iko tupu! Sita haiingii kwenye kumi na sita kwa hesabu ya wapi?

Halafu kadi zangu zote ziko kwenye Publisher. Nikikopi ile alama ya Publisher iliyopo kwenye desktopu, programu nayo inahama au vipi?

La tatu msinicheke. Madeni ya wateja nimeyaandika kwenye vile vikaratasi vya njano vinavyokaa juu ya desktopu. Sijui vinahifadhiwa wapi. Vikipotea vile kuna mwalimu mmoja atachinja mbuzi.

Kwa jumla diski ya zamani imejaa kama GB 200, sehemu kubwa ni hizo video. Kuna kijana kanitajia bei ya kunihamishia kila kitu "pamoja na programu zake", ila anataka aondoke na mashine akalale nayo. Roho inasita. Nimpe, au kuna namna naweza mwenyewe?

Dogo wa Chumbageni

Mama, mbona jambo dogo hilo. Pandisha kila kitu Google Drive, kisha shusha kwenye laptopu. Zama hizi nani anabeba flashi?

Bisibisi

Dogo, Google Drive ya bure ni GB 15. Mama wa watu ana 200. Hata akilipia nafasi, intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kuyumba itazichukua GB 200 karibu siku 4, usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja. Bando litakata roho bibi harusi wa kwanza hajatoka ndani.

Dada Mama Steshenari, shikamoo kama umenizidi, na kama hukunizidi basi ichukulie ni heshima ya duka. Mimi ni fundi, niko Makorora, kazi hii naifanya tangu enzi za Windows XP. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limekaa vizuri kuliko mengi ninayoyaona.

Tuanze na flashi. Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo unaoitwa FAT32. Mfumo huo hauwezi kubeba faili moja inayofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Yaani inapokea faili elfu ndogondogo mpaka ijae, ila faili moja ya GB 6 haipokei. Dawa ni kuifomati upya na kuchagua exFAT, ambayo Windows 7 na Windows 11 zote zinaisoma. Kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo hakikisha kweli ni tupu.

Ila hata ukiipanga upya, kuhamisha GB 200 kwa flashi ya 16 ni kuhama nyumba kwa baiskeli. Watu wa Tanga tunaweza, kabati la milango miwili tumeliona likipita barabara ya 12 limefungwa kwenye keria. Flashi ya kawaida inaandika kama MB 8 kwa sekunde. Fanya hesabu: karibu saa 7 za kuandika tu, bado kusoma upande wa pili. Wala si muda unaonitisha. Kinachonitisha ni kupoteza hesabu. Unabeba folda, mteja anaingia anataka kopi za kitambulisho, ukirudi hukumbuki ile ya vyeti imekwenda au bado, unafuta kwenye flashi ukidhani imekwenda. Kazi za watu zinapotea hapo, na kompyuta haina kosa lolote.

Njia ninayoipenda mimi ni kuitoa diski ya zamani kwenye mashine yake na kuichomeka kwenye laptopu kama diski ya nje. Ila kabla hujashika bisibisi kuna mambo mawili ya kufanya mashine ikiwa bado nzima na inawaka.

Kwanza vikaratasi vya njano. Katika Windows 7 vyote vinakaa kwenye faili moja iitwayo StickyNotes.snt, imefichwa ndani kabisa ya folda ya AppData, na Windows 11 haiifungui hivihivi. Usihangaike nayo. Bonyeza ndani ya kikaratasi, Ctrl+A, Ctrl+C, kibandike kwenye Word. Fanya hivyo kwa vyote, hifadhi, halafu utoe na nakala ya karatasi kabisa. Una printa, una karatasi, na mwalimu bado yupo mjini.

Pili Publisher. Alama ya kwenye desktopu inaonyesha tu programu ilipo, programu yenyewe imetawanyika ndani ya Windows. Ukiikopi alama umekopi jina. Programu haihami, inapakiwa upya kwenye laptopu kwa leseni yake. Anayekuahidi kuhamisha "na programu zake" ama ana maana ya kukupakia nyingine za mtaani, ama hajui anachokisema. Na kwa Publisher kuna jambo zaidi: Microsoft wenyewe wametangaza kuiachia njiani Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawatakuwa nayo tena baada ya hapo. Kadi zako zenye mwisho wa .pub hazina maisha marefu. Kwa hiyo ungali kwenye mashine ya zamani, ambako kila kitu kinafunguka kama ulivyokitengeneza, zifungue zile kadi unazozitumia kila mara na kila moja uihifadhi pia kama PDF. PDF inabeba na mwandiko wake, haitakuja kukubadilikia sura kwenye kompyuta nyingine. Ya kuhariri utabaki nayo ileile ya .pub. Ukikosa Publisher kabisa, LibreOffice Draw ni ya bure na inafungua .pub, japo mapambo yatasogeasogea na itabidi uyapange upya.

Ukimaliza hayo ndiyo uzime mashine. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, umeme uliobaki ndani utoke. Kwa nyuma, ubavu wa kushoto ukiwa umeikabili mbele, kwa kawaida kuna skrubu mbili, fungua na vuta ule mfuniko kuelekea nyuma. Gusa bati la kasha kwa mkono kabla hujagusa kingine. Diski ni kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye fremu ya mbele, kizito kuliko unavyotegemea, kina nyaya mbili: mmoja mwembamba wa data, mwingine bapa na mpana zaidi wa umeme. Zivute kwa kushika kichwa chake, usivute waya. Vumbi utakalolikuta humo usilipulize kwa mdomo, mate yanaingia, futa kwa brashi kavu.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hurudi dukani kugombana. Diski ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, inataka volti 12, na tundu la USB halitoi volti 12. Ile kebo nyembamba isiyo na adapta ni ya diski za laptopu, inchi 2.5. Ukiiweka kwenye diski yako haitazunguka, utadhani imekufa. Ulizia kebo ya SATA kwenda USB yenye adapta yake ya ukutani. Upande wa laptopu chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi ulimi wake wa ndani ni wa buluu. Hapo diski ya kawaida itakupa kama MB 100 kwa sekunde, na GB 200 kwa karatasi ni kama nusu saa. Kwa karatasi, nasema. Video zitakimbia, ila vifaili vidogo vya Word na picha za pasipoti, maelfu kwa maelfu, vitakwenda kwa kujivuta. Itengee alasiri nzima.

Na kuna sharti ambalo silegezi kwa mteja yeyote: kutoka diski ya zamani unachukua nakala tu, hufuti, huhamishi. Ctrl+C ndiyo, Ctrl+X marufuku. Umeme ukikatika katikati, ya zamani bado inayo kila kitu.

Kuhusu kijana: mpe kazi kama unaona uzito wa kufungua mashine, ila aifanye dukani kwako, wewe umekaa hapo. Mashine isilale nje.

Mwalimu wa Pongwe

Nianze kwa kusema si mimi mwalimu mwenye deni.

Nakazia la fundi kwamba mashine isilale kwa mtu. Dada, humo una mitihani yetu. Karatasi ya mtihani wa muhula ikitoka siku moja kabla, mwalimu mkuu hatamtafuta kijana wa kompyuta, atakutafuta wewe. Na bila shaka una skani za watu: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za benki. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na inamhusu anayekusanya na kutunza taarifa za watu. Makaratasi ya mtu aliyekuja kutoa kopi moja akaondoka hayana sababu ya kuhamia kwenye laptopu. Kuhama ndiyo nafasi ya kuyaacha.

Swali kwa fundi: baadaye akitaka kuiuza ile mashine ya zamani, kufomati kunatosha?

Bisibisi

Mwalimu umenena. Kufomati kwa haraka hakutoshi, kunafuta orodha tu, faili zenyewe zinabaki na zinarudishika kwa programu za bure. Kwenye dirisha la kufomati kuna kijisanduku cha kufomati haraka. Ukiondoa alama hapo, Windows kuanzia Vista inaandika sifuri diski nzima. Inachukua saa kadhaa, lakini kwa diski ya kuzunguka kama hii ya dada inatosha. Ila asifanye sasa! Diski hiyo ikae kabatini miezi kadhaa kwanza, mpaka msimu mzima wa mitihani na harusi upite bila kukumbuka kitu alichokisahau.

Mtu wa Pangani

Mimi napinga habari ya kufungua mashine za watu. Kebo ya mtandao moja tu, hii ya LAN, chomeka huku na huku, washa kugawana folda, kopi. Skrubu haiguswi.

Bisibisi

Ni njia halali, na mashine za siku hizi hazihitaji tena kebo maalumu ya kupishana. Ila laptopu nyingi nyembamba hazina tundu la LAN, itabidi anunue adapta. Na kama kadi ya mtandao ya ile mashine ni ya megabiti 100, ataambulia kama MB 11 kwa sekunde, yaani saa 5. Tena hapo ile kompyuta iliyochoka ndiyo inabeba kazi yote, na dada ameshatuambia ikiwaka tu mtu anafagia duka. Ukiitoa diski, ile mashine inabaki pembeni inapumzika.

Mama Steshenari

Fundi, mwalimu, wote Mungu awalipe. Marahaba kwa kuwa umetoa, umri tutauhesabu siku nyingine.

Vikaratasi vimeshaingia Word na karatasi iko kwenye droo. Kadi nimezitoa PDF, zile zinazokwenda. Kebo yenye adapta nimeipata mjini, muuza duka alitaka kunipa ile nyembamba, nikamwambia volti 12, akaniangalia mara mbili. Diski imetoka na laptopu imeiona, inasoma E:.

Nimekwama hapa. Nikifungua folda ya Users, halafu ya jina la kaka, inaniambia sina ruhusa. Sina ruhusa kwenye kitu changu! Pili, laptopu inaonyesha nafasi tupu GB 180 na ushei, na mimi nina 200. Tatu, leo umeme unakuja na kwenda, naogopa kuanza. Na nne, hivi virusi vya zamani navyo si vitahamia?

Bisibisi

Umefika pazuri. Ruhusa: hiyo folda inamtambua mwenyewe wa ile Windows ya zamani, laptopu haimjui. Kwenye hicho kidirisha bonyeza Continue, uipe muda, itazunguka kidogo kisha itafunguka.

Nafasi: GB 256 za dukani Windows inazihesabu kama 238, na yenyewe imeshakula sehemu yake. Usijaze SSD mpaka pomoni, inakuwa nzito. Video za kaka zisiingie kwenye laptopu kabisa, hazikuingizii hela. Nunua diski ya nje, hizo zikae huko. Na ujihadhari na diski za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 2. Nyingi ndani ni kijikadi cha GB 32 kilichodanganywa kijitangaze hivyo, zinapokea kila unachoweka, zikijaa zinaanza kuandika juu ya vya mwanzo. Siku ya kufungua ndipo unalia. Kuna programu ndogo ya bure, H2testw, inaijaza diski na kuisoma tena yote. Ipime kabla hujaiamini.

Kazi za duka, ukitoa video, bila shaka hazizidi GB 60. Hizo ndizo zinaingia.

Umeme: laptopu ina betri, lakini ile diski inakula umeme wa ukutani, kwa hiyo ukikatika diski inazimika katikati. Kwa kukopi kwa kuburuta utarudi mwanzo, hujui kilichofika na kisichofika. Ndiyo maana mimi natumia robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows tayari. Fungua dirisha jeusi la amri (bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd), kisha andika mstari huu, ukibadilisha jina la folda liwe la kwako:

robocopy "E:\Users\Kaka" "C:\Kazi za Zamani" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /LOG+:C:\Users\Public\hamisha.txt

/E ni folda zote na vijifolda vyake. /XJ usiisahau, bila hiyo itaingia kwenye njia za ndani za Windows zinazojirudia na kuzunguka humo. /XD AppData inaacha uchafu wa programu. Na ongeza jina la folda ya video baada ya AppData kama iko humohumo, nayo itaachwa. /R:1 na /W:1 zinasema faili ikigoma jaribu mara moja zaidi, subiri sekunde moja, endelea na nyingine, maana ukiiacha kwa mipango yake itajaribu mara milioni moja, na hapo sifanyi mzaha, ndivyo ilivyowekwa. Umeme ukikatika, ukirudi andika mstari uleule. Itaruka zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Ukikuta mtu mtandaoni anakushauri uweke /MIR, achana naye, hiyo inafuta kwenye mwisho wa safari chochote kisichokuwepo mwanzo.

Usisahau kuchungulia nje ya Users pia. Kaka kama alikuwa na D: ya pili utaiona kama F: au nyingine. Na wenye steshenari mna tabia ya kufungua folda moja kwa moja kwenye C:, inaitwa "MPYA" au "KAZI KAZI" au "aaa". Zimo, naapa.

Virusi: steshenari ndiko flashi zote za mji zinakosalimiana, kwa hiyo chukulia vimo. Kabla ya kufungua chochote, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya E: na uchague kuichunguza kwa kinga ya Windows, uiache imalize. Faili za Word, picha na video chukua. Chochote chenye mwisho wa .exe acha, hasa vile vya kufungulia programu bila kulipa. Programu za kweli utazishusha upya kwa wenyewe.

Diski ikianza kugonga, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, acha hapohapo, chomoa, usijaribu tena na tena. Niandikie.

Dogo wa Chumbageni

Mimi nachukua nondo tu hapa. Kumbe robocopy imo siku zote.

Mama Steshenari

Haikugonga. Umeme ulikatika ikiwa katikati ya mitihani, nikarudia mstari uleule kama ulivyosema, ikaendelea. Nimelinganisha kwa Properties, idadi ya faili kwenye folda ya mitihani ni ileile huku na huku, na ya vyeti pia. Folda ya "aaa" ilikuwepo, fundi sijui ulijuaje. Mlikuwa na kazi zote za madrasa nilizokuwa nadhani zimepotea.

Yaliyobaki. Kadi za sendofu nikizifungua kwenye laptopu maandishi ya kunakshi yamekuwa ya kawaida kabisa, jina la bibi harusi linaonekana kama tangazo la kikao. PDF iko sawa, .pub ndiyo imebadilika. Pia mteja kaleta flashi, folda zake zote zimegeuka vishotikati (vile vialama vya njia ya mkato), anasema ni kompyuta yangu. Na printa yangu ya zamani laptopu haiitambui. Halafu kila baada ya muda laptopu inaniambia OneDrive imejaa, na mimi sikuiomba OneDrive yoyote.

Bisibisi

Nianze na hiyo ya mwisho kwa sababu inakula bando lako sasa hivi tunapoongea. Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inaanza kupandisha Desktop, Documents na Pictures kwenda OneDrive, na ya bure ni GB 5 tu. Fungua alama ya wingu pale chini kulia, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhifadhi nakala za folda, zima zote tatu. Ikikuuliza faili ziwe wapi, chagua zibaki kwenye kompyuta. Kisha hakikisha kwa macho kwamba Desktop yako bado ina vitu vyake.

Maandishi ya kunakshi ni fonti. Kaka alizipakia kwenye Windows ya zamani na Publisher inaziita kwa majina, ikizikosa inaweka yoyote iliyo karibu. Chomeka tena diski, nenda E:\Windows\Fonts, tafuta yale majina ya fonti za kadi (Publisher inakutajia ipi imekosekana), zikopi kwenye folda ya kawaida, kisha bonyeza kitufe cha kulia juu ya kila moja uchague Install. Funga Publisher ufungue tena. Usibebe fonti zote za Windows 7, zile zinazokosekana tu.

Flashi ya mteja: vitu vyake vipo, vimefichwa tu. Usibonyeze hivyo vishotikati. Ichunguze kwanza kwa kinga ya Windows, kisha kwenye dirisha jeusi, kama flashi ni G:, andika:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Folda zitatokea. Vishotikati futa. Na mwambie kwa upole kwamba laptopu yako ni mpya, hicho kirusi kimepanda daladala nyingine. Ila ile mashine ya zamani ukija kuirudisha kazini kwa kutoa kopi tu, iweke nje ya intaneti. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020.

Printa: draiva (programu za kuiongoza printa) za ile mashine huwezi kuzihamisha. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta modeli yako, shusha ya Windows 11, ukiikosa jaribu ya Windows 10 ya biti 64, mara nyingi inakubali. Ukikosa zote, niandikie namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, si jina kubwa la mbele. Na skana yake uijaribu siku hiyohiyo, maana kuna printa zinazochapa vizuri kwa draiva ya kubahatisha halafu skana ikagoma, na wewe kopi ndiyo ugali wako.